Kikoba chetu kivunjwe Juni, si Desemba

Kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopeshana fedha hapa Tandahimba, mkoani Mtwara, kinakutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa tisa alasiri, chini ya mwembe. Ukichelewa dakika tano, faini mia tano. Simu ikilia, mia tano nyingine. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zake ziko kwa wanawake watatu tofauti, na mwenye kufungua hawi mwenye kuhesabu. Kwa nidhamu hiyo sina neno.

Ninalogombana nalo ni Desemba. Kila mwaka tunavunja mwezi huo, tunagawana hisa na faida, tunashangilia. Lakini Desemba ndiyo msimu wa korosho! Mnada umeshaanza tangu Oktoba, malipo yanaingia, maduka yamejaa vitenge, ngoma hazilali. Tunaongeza fedha pale ambapo fedha ipo tayari, halafu tunaanza upya Januari na sanduku tupu.

Sasa tazama Juni hadi Septemba. Mikorosho inataka kupuliziwa. Hata salfa, dawa ya kupulizia, ikija ya ruzuku, petroli ya mashine na kibarua vinatoka mfukoni kwako, na ghalani bado kweupe. Hapo ndipo kangomba anapobisha hodi: anakupa fedha kidogo leo, utamlipa kwa korosho ukivuna, kwa bei ya kukunyonga. Serikali imempiga marufuku, stakabadhi ghalani, yaani kupeleka korosho ghalani ziuzwe kwa mnada, ipo tangu 2007, naye bado anapita usiku na pikipiki. Anapita kwa sababu anajua nani amekaukiwa, na sisi wenye kikoba tumo kwenye orodha yake, maana wakati huo hisa zetu ni za miezi michache tu na mkopo hauzidi mara tatu ya hisa.

Niliyasema haya kikaoni mwezi uliopita. Mhazini alipinga kwanza: madeni yanalipika msimu wa korosho, ukivunja Juni utamdai nani? Hilo lina jibu. Madeni yakusanywe Desemba vilevile, ila fedha isigawanywe. Tukopeshane kidogo kidogo hadi Mei, kisha tuvunje.

Aliyenifunga mdomo ni bibi mmoja wa nyuma, ambaye huwa hasemi mpaka mambo yaishe. "Mwanangu," akasema, "fedha ya korosho inaingia akaunti ya nani?"

Watu wakacheka, mimi nikakosa la kusema. Shamba wanapalilia wote, korosho anaokota mke na watoto, lakini jina kwenye chama cha msingi, ushirika unaouza korosho zetu, mara nyingi ni la mume. Desemba ikifika, mume ana mamilioni na mke ana kikoba. Kwa wengi wetu fedha ya kikoba ndiyo sare za shule za Januari, ndiyo bati, ndiyo fedha pekee isiyoombwa.

Nimeilala na kuiamka hoja yake. Bado nasema Juni, ila sasa nasema nusu: faida itolewe Desemba, hisa zibaki sandukuni hadi Juni. Na wanawake waandikishwe wenyewe kwenye chama, kwa majina yao na akaunti zao, jambo ambalo tungelipigia kelele muda mrefu badala ya kutozana faini za simu.

Katibu ameiandika kuwa ajenda ya tatu, baada ya mchango wa msiba. Bibi ameniambia nimkalie karibu.