Kidani si sadaka

Kuna neno nililoambiwa na mteja hapa Jinja, karibu na chanzo cha Nile, na mpaka leo halijanitoka rohoni. Alikuwa amenunua kwangu kidani cha shanga za karatasi. Baada ya wiki moja tukakutana tena, nikaona shanga tatu zimegandamana shingoni mwake, vanishi imelainika kwa jasho. Kosa lilikuwa langu. Ulikuwa mwezi wa Aprili, mvua haikatiki, nami kwa haraka zangu nikapaka mkono wa tatu wa vanishi kabla wa pili haujakauka. Nikamwomba anirudishie nikitengeneze upya. Akatabasamu: "Usijali dada, nilinunua kukusaidia tu."

Hakuwa na nia mbaya, najua. Lakini angekuwa amenunua viatu vikabanduka soli, angevirudisha dukani siku hiyohiyo. Kidani changu hakukidai chochote kwa sababu hakukitarajia chochote. Alikuwa ametoa sadaka, kidani kikawa risiti.

Nasema wazi kwamba sisi wenyewe tumelilea jambo hili. Shanga za karatasi za Uganda zilipata soko la nje pamoja na hadithi za akina mama waliozitengeneza, hasa wale waliokimbia vita vya kaskazini na kuanza upya Kampala, kule Acholi Quarter, Kireka, wengine wakiponda kokoto machimboni mchana na kuviringisha karatasi jioni. Hadithi zile ni za kweli na nawavulia kofia. Ila wengi wetu tumeziazima. Mimi nimezaliwa na kukulia Walukuba, hapahapa Jinja, sijakimbia vita yoyote, na bado vikadi vyangu vilikuwa vimeandikwa "Umemsaidia mama wa Uganda". Dhiki ikishatangulia mezani, nani atageuza kidani aangalie fundo?

Na fundo ndilo la kuangalia. Uzi wa nailoni unateleza. Ukiufunga mara moja tu, siku utakapovutwa na mtoto shanga zote zitakuwa sakafuni. Nafunga mara mbili, nakaza kwa koleo, naunguza ncha kidogo kwa kiberiti, kisha naisukuma ndani ya ushanga wa jirani isionekane. Karatasi nayo ina adabu zake. Nakata pembetatu ndefu na nyembamba kutoka kwenye kalenda ya zamani, naanza kuviringisha upande mpana kwenye kijiti, ncha ikija katikati bila kuyumba. Ikiyumba kidogo tu, ushanga unatoka mgongo upande. Wanawake wa Uingereza walikuwa wakiviringisha vipande vya karatasi za ukutani namna hiyohiyo katika karne ya 19, na sidhani kuna aliyewanunulia kwa huruma.

Jambo lililonifumbua macho ni sufu. Mwaka juzi nilianza kudunga sufu kwa sindano, kazi niliyojifunza kwenye simu usiku watoto wakilala. Sindano yake ina vijino vidogo ubavuni. Kila ukidunga, vijino vinavuta nyuzi za nje kwenda ndani, na kwa kuwa unywele wa kondoo una magamba madogo, nyuzi hushikana zisiachane tena. Hakuna gundi wala mshono. Unaweka sponji chini, unadunga wima na kutoa wima, maana ukipinda mkono sindano inakatika. Kondoo wetu wengi hapa Uganda wana manyoya mafupi yasiyofaa, kwa hiyo naagiza sufu kutoka Kenya. Sweta za mitumba za sufu halisi nazinunua pia, nazifua kwa maji ya moto na sabuni mpaka zisinyae ziwe nzito kama blanketi, halafu nazikata vitako vya kusimamishia.

Juu ya kitako nasimamisha korongo wetu mwenye taji, ndege wa taifa, niliyemdunga kwa sufu. Kichwa chake kina ukubwa wa ncha ya kidole gumba, nacho hunila jioni nzima: shavu jeupe, chembe nyekundu kooni, na taji la nyuzi za katani nilizotia rangi ya njano, nikizipandikiza chache chache.

Nikiliweka korongo mezani, hakuna anayeniuliza nina watoto wangapi wala kama wanasoma. Wanalishika, wanaligeuza, wanauliza limetengenezwaje. Mmoja aliwahi kuniambia shingo ni nene mno. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahia sifa yoyote, na alikuwa sahihi. Nililipunguza lile lililofuata. Hadithi ya huruma ya sufu bado haijatungwa, ndiyo maana kazi inasimama yenyewe. Nataka na kidani kisimame hivyo.

Basi nimevitoa vile vikadi. Vipya vinasema: karatasi ya kalenda, vanishi mikono mitatu, usiogelee nacho, fundo likilegea kirudishe. Bei nimeipandisha, kwa sababu siku mbili za kungoja vanishi ikauke kwenye waya barazani nazihesabu sasa. Wapo walioondoka bila kununua. Vidani viwili vimerudishwa tangu hapo, wenyewe wakilalamika kabisa, na vyote viwili nimevifunga upya bure.