Anayepanga Ratiba ya Shule Mombasa Aanze na Ijumaa

Ratiba nyingi za shule hupangwa kwa mfuatano wa siku. Mpangaji huijaza Jumatatu, akaenda Jumanne, na akifika Ijumaa amebaki na masomo yaliyokosa pa kukaa. Ndipo hisabati inapoangukia kipindi kinachogongana na swala. Mwalimu yuko katikati ya mfano ubaoni, na nusu ya darasa inatazama mlango.

Katika mji wenye Waislamu wengi kama Mombasa, Ijumaa ndiyo siku yenye masharti mengi kuliko zote, kwa hiyo ipangwe kwanza. Siku nyingine zina nafasi ya kusogezwa. Hii haina.

Hasara yake inahesabika. Kipindi cha dakika 40 kikipotea kila Ijumaa kwa muhula wa wiki 13, darasa limekosa dakika 520, yaani saa nane na dakika 40 za somo lile lile. Mwalimu wa somo hilo ataomba masomo ya ziada Jumamosi, na Jumamosi watoto wengi wako chuoni, yaani madrasa, kwa maalimu wao. Mzigo unamrudia mtoto.

Na wala nafasi haikosekani. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinaweka masomo ya shule za kutwa kati ya saa 2:00 asubuhi na saa 9:30 alasiri. Chukua vipindi vinne vya dakika 40 na mapumziko ya dakika 20: saa 5:00 imefika. Ongeza viwili, mko saa 6:20. Unganisha swala na chakula cha mchana hadi saa 8:00, kisha malizia vipindi viwili, mfike saa 9:20. Vipindi vinane vimeenea, hakuna mtoto aliyekimbizwa msikitini wala aliyebaki darasani akifundishwa nusu somo. Wasio Waislamu nao wanapata muda mrefu wa kula, kusoma maktaba au kucheza, mradi shule iseme wazi wawe wapi na nani anawaangalia. Jambo hili husahaulika mno, na si haki kuwaacha wakizurura uwanjani kila wiki.

Tahadhari moja. Adhuhuri ya Mombasa haikai mahali pamoja mwaka mzima: mwanzoni mwa Novemba jua hupinduka karibu saa 6:05, na katikati ya Februari karibu saa 6:35. Ni tofauti ya nusu saa. Mpangaji aulize msikiti wa jirani hotuba inaanza lini, na muhula ukibadilika aulize tena.

Baada ya Ijumaa, wafuate watu ambao saa zao haziko mikononi mwao. Mwalimu anayekaa Likoni na kufundisha kisiwani anategemea feri. Foleni ya kivukoni ikiharibika, kipindi cha kwanza kimekwenda, na barua ya kujieleza haikirudishi. Mpeni vipindi kuanzia cha pili, na kile cha kwanza akichukue anayeishi karibu na shule. Najua itasemwa kwamba huo ni upendeleo. Utakuwa upendeleo ukifanywa kwa kunong'onezana ofisini. Ukiandikwa kuwa utaratibu wa shule, na anayeanza mapema akapunguziwa vipindi vya mchana, kila mtu anaona mizani.

Kisha ije maabara, ambayo mara nyingi ni moja na inahitaji vipindi viwili mfululizo. Mengine yatajaza mapengo yenyewe.

Ratiba nzuri huharibiwa na mabadiliko yasiyo na mwenyewe. Picha ya zamani inazunguka kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, nyingine iko ukutani, na mwalimu mgeni ana ya tatu. Mtu mmoja tu, naibu wa mwalimu mkuu, awe na ruhusa ya kubadilisha, na kila nakala iandikwe tarehe juu kwa herufi kubwa ili mzazi ajue ipi ni ya sasa.

Na mwalimu wa zamu apewe orodha ya nani yuko huru kila kipindi, ili mwenzake akiugua darasa lisikae bure. Orodha hiyo inatoka kwenye ratiba yenyewe. Ibandikwe mlangoni mwa chumba cha walimu kabla muhula haujafunguliwa.