Kinyozi wa buku na kichwa cha mtoto wa miaka miwili

Huku Marekani kumnyoa mtoto mmoja saluni ni dola 20 mpaka 30, na bakshishi juu yake. Mwenye watoto watatu akiwapeleka kila baada ya wiki tatu, bajeti ya chakula inaingiliwa. Ndiyo maana Watanzania wengi walio huku wana mashine ya kunyolea kabatini. Nyumbani mambo ni tofauti: Mbeya au Iringa mtoto ananyolewa kwa buku, yaani shilingi elfu moja, pengine buku mbili. Ukimwambia ndugu aliyeko Mwanjelwa au Kihesa anunue mashine amnyoe mwanawe mwenyewe, atakuuliza: ya nini, na kinyozi yupo hapo mlangoni?

Swali hilo ni la haki kama tunahesabu fedha. Mimi naomba tusihesabu fedha. Mtoto ambaye hajafika miaka mitano anyolewe nyumbani, kwa mashine ya nyumbani, na mkono anaoujua. Huku bei ndiyo iliyotulazimisha; nyumbani ningependa watu wachague wenyewe.

Sisemi kwamba vinyozi wetu hawajui kazi. Kijana wa Soweto pale Mbeya au wa Mlandege pale Iringa, anayeshika vichwa kutwa nzima, anazijua nywele za kipilipili kuliko saluni nyingi za miji midogo ya huku. Hapa mwenye saluni ana leseni ya jimbo na amekaa darasani mamia ya saa, lakini huenda hajawahi kugusa kichwa kama cha mwanao. Anaanza kwa kulowesha maji. Nywele zinajikunja na kusinyaa, anakata asichokiona, zikikauka zinatokea ngazi. Kwa ufundi wa mkono, nyumbani tuko mbele.

Ninacholalamikia ni mashine moja kupita vichwa vingi. Tazama Jumapili ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa, Januari na Julai. Wanafunzi wamejaa kwenye benchi, mashine haipati nafasi ya kupoa, na katikati ya foleni hiyo mama anamkalisha wa miaka miwili juu ya ubao uliolazwa kwenye mikono ya kiti. Mapunye yanapenda vichwa vya watoto ambao hawajabalehe. Ni fangasi, na anakaa ndani ya unywele wenyewe. Kipande cha unywele kikinasa kati ya meno ya mashine kinahamia kichwa kinachofuata. Kinyozi mwangalifu anapuliza spiriti, au anaiweka mashine kwenye kile kisanduku chenye taa ya bluu. Vyote viwili vinashindwa na uchafu. Spiriti haipenyi vizuri kwenye nywele na mafuta yaliyogandamana, na taa inafanya kazi pale tu mwanga wake unapogusa. Kabla ya yote hayo meno yanapaswa kupigwa burashi mpaka yawe meupe, na kwenye foleni ya Jumapili hakuna mwenye dakika hizo.

Mapunye yakishaingia hayatoki kirahisi. Unaona duara lenye magamba, nywele zimekatika karibu kabisa na ngozi zikabaki kama nukta nyeusi. Wengi wanakimbilia krimu ya duka la dawa, wanapaka mwezi mzima, duara linaongezeka. Krimu haifiki ndani ya shina la unywele. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, mara nyingi griseofulvin, kwa wiki 6 mpaka 8, kwa kipimo ambacho mganga wa zahanati au hospitali anapanga kulingana na uzito wake. Linganisha gharama hiyo na ile buku.

Wembe nao. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi kwenye damu iliyokauka. Mtoto mdogo hana sababu yoyote ya kuchongwa ukingo wa paji kwa wembe, hata uwe mpya. Ngozi yake ni nyembamba, anageuka ghafla, na ukingo ukishapindishwa mara moja kila anayefuata anausogeza nyuma kidogo ili aunyooshe.

Hapo ndipo walioko nje wamepata faida bila kuitafuta: kila familia ina mashine yake. Lakini kuna kitu tumekipoteza, nacho ni mapaja. Huku mzazi mmoja yuko peke yake jikoni, mtoto kafungwa kwenye kiti kirefu cha plastiki, mbele yake simu inaonyesha katuni, na mashine inamtokea kisogoni bila taarifa. Analia, anarudisha kichwa nyuma, anakwaruzwa. Nyumbani bibi yupo, shangazi yupo, dada mkubwa yupo. Mikono minne ni rasilimali kubwa kuliko mashine ya dola 100, na inasikitisha kuiona imekaa bure nyumbani huku mtoto akipelekwa kwa mtu asiyemjua.

Wa chini ya miaka mitatu akae mapajani mwa mtu mzima, kifua kwa kifua, kidevu chake begani. Anayemshika anaweka kiganja kimoja mgongoni na kingine upande wa shavu, bila kubana. Hapo kisogo chote kiko wazi kwa anayenyoa. Kisogo kikiisha mtoto anageuzwa, anaegemeza mgongo kifuani kwa aliyemshika, na panja na juu vinafuata. Wa miaka mitatu na kuendelea anakaa kwenye kigoda katikati ya magoti ya mnyoaji. Magoti yenyewe yanamzuia asiyumbe.

Nywele zioshwe asubuhi na ziachwe zikauke kabisa, halafu zichanwe mpaka chanuo lipite bila kukwama. Usipake mafuta kabla. Mafuta yanabeba vumbi la nywele mpaka kwenye meno, yanaganda, na mashine inaanza kuvuta badala ya kukata. Hicho ndicho chanzo cha vilio vingi. Mtoto haogopi kunyolewa. Anaogopa kuvutwa, kuungua na kelele sikioni.

Kwa kelele, mpe mashine iliyozimwa aishike. Kisha iwashe mbali, mgusishe begani mgongo wa mashine, siyo meno, asikie mtetemo. Dakika mbili hizo zinalipa.

Anza na chanuo la mashine, lile la kuvika juu ya meno, la namba 3, ambalo linaacha nywele za milimita 10 hivi. Namba 2 inaacha 6, namba 1 inaacha 3. Kanuni ni kushuka, kwa sababu ulichokata hakirudi. Mkono wa kushoto ukae juu ya kichwa muda wote, na kidole kidogo cha mkono wenye mashine kiegemee kichwani pia. Mtoto akitingishika, mkono wako unasogea pamoja naye. Anayenyoa mkono ukiwa hewani ndiye anayetoboa mashimo. Pita kwanza kufuata nywele zinakoelekea, taratibu, kisha rudi kinyume chake. Pale utosini nywele zinapojizungusha hakuna mwelekeo mmoja, kwa hiyo mashine izunguke nazo kutoka pande zote, la sivyo unaacha kishungi kinachosimama. Nyuma ya shingo nywele za watoto wengi zinapanda juu au zinalala upande, ziangalie kwanza kwenye mwanga wa dirisha.

Masikio yasiwe ya mwisho. Watu wengi wanayaweka mwisho kwa sababu wanayaogopa, na ikifika zamu yake meno yameshapata moto na mtoto ameshachoka. Yafuate mara baada ya kisogo. Likunje sikio mbele kwa kidole gumba, ulifunike kabisa, nyoa nyuma yake kuelekea nje. Vinyweleo vinavyobaki vikatwe kwa mkasi wenye ncha butu, mashine ikiwa imezimwa.

Utosi laini wa mbele hufunga kati ya miezi 12 na 18 kwa watoto wengi. Kabla ya hapo mashine yenye chanuo inapita juu yake bila shida, mradi mkono uwe mwepesi. Kumnyoa mtoto mchanga kipara ili nywele ziote nzito hakuna faida hiyo: unywele unatengenezwa ndani ya ngozi, na wembe haufiki huko. Kama kuna mila au ibada ya kunyoa nywele za kwanza, hilo ni jambo lingine na lina heshima yake. Tandika kitenge kimoja sakafuni ili wazee wazipate zote wakitaka kuzizika au kuzitunza.

Dakika kumi zinatosha. Zikipita kumi na tano na mtoto ameanza kujipinda, acha. Upande mmoja ukibaki mrefu mpaka kesho hakuna atakayeumia.

Mashine yenyewe sasa. Ina visu viwili: cha chini kimetulia, cha juu kinatembea. Ncha za kile kinachotembea lazima zikae nyuma ya za chini kwa karibu milimita moja. Zikilingana, ngozi inaingia katikati na inakatwa. Mashine ikianguka, au mtu akifungua skrubu mbili za meno ili aisafishe, nafasi hiyo inabadilika. Iangalie kwa jicho kila mara kabla ya kumgusisha mtoto, na uijaribu mkononi mwako kwanza. Matone mawili matatu ya mafuta ya cherehani kwenye meno, iwashe sekunde kumi, futa yanayozidi. Mafuta ya kupikia yanageuka gundi. Kila baada ya dakika tatu nne weka meno kwenye ngozi ya ndani ya kifundo cha mkono wako. Kama wewe unasita, mtoto ataungua. Ukimaliza, burashi kwanza, spiriti kwenye meno, acha ikauke, kisha mafuta tena. Spiriti hiyo ni ya chuma. Desturi ya kummwagia mtoto kichwani baada ya kunyoa naomba tuiache kabisa. Inamchoma, inakausha ngozi, na ndiyo anayoikumbuka safari ijayo akiona mashine. Maji ya vuguvugu na sabuni laini yanatosha, kisha mafuta mepesi kidogo. Ya parachichi yanapatikana Rungwe na Njombe, na ya alizeti yanafaa pia.

Mabegi ya zawadi tunayokuja nayo nyumbani Desemba yana kosa lake. Mashine zenye waya zinazouzwa Marekani ni za volti 120, herzi 60 (herzi ni midundo ya umeme kwa sekunde). Nyumbani ni volti 230, herzi 50. Ukiichomeka moja kwa moja inaungua. Transfoma inashusha volti tu, haigusi herzi. Zile za sumaku, zinazovuma, kisu chake kinatembea kwa mdundo wa umeme wenyewe: huku hukata mara 7,200 kwa dakika, kikienda na kikirudi kwa kila mdundo, nyumbani zinabaki 6,000, na springi iliyopimwa kwa mdundo wa kwanza inapiga kelele, inapata moto haraka na inavuta nywele. Ndugu anadhani kaletewa kibovu. Bora ununue ya volti 230 hapo hapo dukani, au ulete ya kuchaji ambayo chaja yake imeandikwa 100–240V, 50/60Hz. Ya kuchaji inakuokoa pia umeme ukikatika kichwa kikiwa nusu. Ila chaji ikikaribia kuisha mota inalegea na meno yanaanza kuvuta, kwa hiyo ijae kabla ya kuanza, na isimamishe mara usikiapo sauti inashuka.

Na baridi, ambayo watu wa Dar wakituandikia mawaidha huisahau. Huku mtoto anaweza kunyolewa kifua wazi Januari, nje kuna theluji, kwa sababu nyumba ina joto la nyuzi 20. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700 juu ya bahari, Makete na Njombe ni baridi zaidi, na nyumba nyingi hazina kitu cha kupasha joto. Julai ndani ni kama nje. Kwa hiyo ninyi mna saa zenu: saa nane mpaka saa tisa mchana, chumba kinachopigwa na jua, maji ya moto yakiwa tayari. Taulo laini lianze shingoni, kitenge juu yake, maana vipande vya nywele vikiingia ndani ya sweta vinamchoma kutwa. Juni mpaka Agosti sioni sababu ya kushuka chini ya namba 3, wala ya kumwacha mtoto kipara kwa sababu tu shule ya dada yake inadai hivyo.

Kichwa kilichonyolewa kwenye baridi hiyo kinavishwa kofia ya sufu mara moja, na kofia ndiyo njia nyingine ya mapunye, hasa ile ya mtumba au inayorithiwa kutoka kwa kaka kwenda kwa mdogo. Kofia ya mtumba ifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani mpaka ikauke kabisa kabla ya kuvaliwa. Kila mtoto awe na zake mbili, moja ikiwa kwenye kamba ya kuanikia, nyingine ikiwa kichwani, na kwenye baridi ya Julai ya Makete ongeza ya tatu, kwa sababu ya kwanza itachukua siku mbili kukauka.