Msokoto mfukoni: unyamaze au ujieleze?

Bunge la Kenya liliporekebisha sheria ya dawa za kulevya mwaka 2022, kifungo cha anayekutwa na bangi ya kuvuta mwenyewe kilishuka kutoka miaka 10 hadi isiyozidi 5, au faini isiyozidi Sh100,000. Wengi walishukuru, nami nilishukuru. Lakini nafuu hiyo ina sharti lisilozungumzwa sana: mshtakiwa mwenyewe ndiye wa kuiridhisha mahakama kwamba bangi ilikuwa ya matumizi yake tu.

Lisome sharti hilo pamoja na Kifungu cha 49 cha Katiba. Aliyekamatwa ana haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwa nini amekamatwa. Ana haki ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili, na ya kutolazimishwa kukiri. Sasa akinyamaza hadi mwisho wa kesi, nani ataiambia mahakama kwamba hakuwa muuzaji? Na akijieleza, tayari amekubali kwamba msokoto ni wake, jambo ambalo upande wa mashtaka ulipaswa kulithibitisha wenyewe.

Wanaotetea sheria ilivyo wana hoja nzito. Nia ya mtu anaijua mwenyewe, na si ajabu sheria kumtaka aeleze jambo lililo moyoni mwake. Wauzaji nao hujifunza haraka: mzigo hugawanywa vijana kumi, kila mmoja akabeba kidogo na kudai ni wa kuvuta. Tena wapo waliotumia haki za mshtakiwa kama ngao. Ndugu wawili, Baktash na Ibrahim Akasha, walikamatwa Mombasa mwaka 2014 kwa biashara ya dawa za kulevya, wakapata dhamana, kesi ikasuasua hadi walipopelekwa Marekani mwaka 2017. Huko walikiri makosa, yakiwemo ya kuwahonga maafisa wa Kenya. Baktash akafungwa miaka 25, Ibrahim 23. Anayeishi Kisauni au Malindi, aliyeona vijana wa mtaa wake wakimalizwa na unga, yaani heroini, ana kila sababu ya kuuliza haki hizi zinamlinda nani.

Mimi naona kesi hiyo inatufundisha kinyume cha inavyodhaniwa. Kilichowabeba ndugu wale ni fedha na mawakili hodari. Ukikaza masharti ya dhamana au ukipunguza haki ya kunyamaza, mwenye fedha bado atapata njia, na atakayeumia ni kijana wa msokoto mmoja asiye na wakili.

Fikiria anayenaswa kwenye msako Ijumaa jioni. Katiba inataka afikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini muda huo ukiishia siku isiyo ya mahakama, husogezwa hadi siku ya kazi inayofuata. Kwa hiyo hadi Jumatatu yuko seli. Hapo ndipo neno "sema tu ni yako, mambo yaishe" hupata nguvu. Sheria ya Ushahidi inakataa ungamo hilo, isipokuwa limetolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa cheo cha inspekta kwenda juu asiyepeleleza kesi hiyo, tena akiwepo mtu aliyechaguliwa na mshukiwa. Kinga nzuri, lakini wangapi wanaijua usiku ule? Na Jumatatu, akikiri shtaka kizimbani kwa uchovu na hofu, kinga yote hiyo haina tena kazi.

Ndiyo maana siungi mkono ushauri wa mitaani kwamba ukikamatwa ukiri upesi ili adhabu iwe ndogo. Kituoni, taja jina lako, kisha omba kuongea na wakili au ndugu. Uliza kuhusu dhamana. Maelezo ya matumizi binafsi yangoje mahakamani, baada ya wakili kuona ripoti ya mkemia wa serikali, maana majani yasiyopimwa bado hayajathibitishwa kuwa bangi.

Bunge nalo lirudi kwenye sharti lile. Kiasi kikiwa kidogo, na pasipo mizani, vifurushi vya kuuzia wala shahidi wa biashara, upande wa mashtaka ndio uthibitishe uuzaji. Mshtakiwa akinyamaza, asihesabiwe muuzaji kwa kunyamaza kwake.