Mtoto Akipanda Ngazi, Mzazi Hupona?

Mwaka 2014 watafiti wawili wa Marekani, Esther Friedman na Robert Mare, walichapisha matokeo ambayo mzazi yeyote aliyewahi kujinyima ili alipe karo angefurahi kuyasikia. Walikuta kwamba wazee ambao watoto wao walimaliza chuo waliishi kama miaka miwili zaidi ya wale ambao watoto wao hawakumaliza sekondari. Hata elimu na mali ya wazazi wenyewe zilipowekwa kwenye hesabu, elimu ya mtoto bado ilikuwa na uzito wake. Uzito huo ulijitokeza zaidi katika vifo vinavyotokana na mwenendo wa maisha, hasa saratani ya mapafu na magonjwa sugu ya njia ya hewa.

Ni rahisi kutoka hapo na jibu la haraka: somesha mtoto, na uzee wako umeukatia bima. Naliona jibu hilo kuwa na ukweli ndani yake, lakini linaficha jambo zito kuliko linalolionyesha.

Tuanze na ukweli wake. Maradhi mengi ya uzeeni hayaji kwa kishindo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye shinikizo la damu hawajui kama wanalo. Presha haiumi. Mzee hupewa vidonge, akameza wiki mbili, kichwa kikatulia, akaviweka kando kwa kuamini kuwa amepona. Anayeweza kumzuia ni mtu wa karibu anayejua kwamba dawa zile ni za kila siku, anayehesabu vidonge vilivyobaki, na ambaye akiingia kwa daktari haogopi kuuliza swali la pili. Mtoto aliyesoma na kuzoea ofisi mara nyingi ndiye mwenye ujasiri huo. Anajua fomu inajazwaje, anajua kudai majibu ya vipimo, na akimkataza baba yake sigara husikilizwa, kwa sababu ndiye fahari ya baba huyo.

Fedha nazo zina kazi yake, ingawa si kwa namna tunayofikiri kwanza. Tunawaza matibabu makubwa, hospitali za mbali, upasuaji. Kinachorefusha maisha zaidi ni vitu vidogo visivyokatika: dawa za kisukari zisizoisha katikati ya mwezi, miwani, sakafu isiyoteleza bafuni, nauli ya kwenda kliniki kwa wakati. Kipato cha uhakika cha mtoto hulipia mwendelezo huo. Kisha kuna moyo. Mzazi anayelala bila kuwaza mtoto wake atakula nini kesho hulala usingizi tofauti.

Upande wa pili unaanza na swali la nani kambeba nani. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mzazi mwenye afya ndiye aliyeweza kufanya kazi miaka yote, akalipa karo, akakagua madaftari. Mzazi aliyeugua mapema mara nyingi alimtoa mtoto shuleni ili amuuguze, na aghalabu mtoto huyo alikuwa wa kike. Miaka thelathini baadaye unamkuta mzee dhaifu mwenye mtoto asiyesoma, na unaweza kudhani kukosa elimu kwa mtoto ndiko kulikomdhoofisha mzee. Mambo yalikwenda kinyume chake: ugonjwa ulitangulia, elimu ikakatika.

Namna mojawapo ya kutenganisha mambo hayo ni kutafuta watoto waliosoma zaidi kwa sababu sheria ilibadilika, wala si kwa nguvu za wazazi wao. Sweden ilifanya mabadiliko ya namna hiyo katika miaka ya 1950 na 1960, ilipoongeza miaka ya elimu ya lazima. Watafiti Petter Lundborg na Kaveh Majlesi walipoyatumia kupima urefu wa maisha ya wazazi, kwanza waliuona uhusiano uleule unaojulikana: watoto wenye elimu zaidi, wazazi wenye umri mrefu zaidi. Walipobakiza athari iliyotokana na sheria peke yake, hawakupata tofauti ya maana, hata kwa wazazi wenye kipato kidogo.

Basi ingekuwa hoja imekwisha, kama kusingekuwa na Tanzania. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo 1977, na watoto wengi ambao wazazi wao wasingeweza kuwapeleka shule wakaketi darasani. Watafiti Jan-Walter De Neve na Günther Fink walilitumia badiliko hilo kwa njia inayofanana na ile ya Sweden, wakakuta kwamba elimu ya watoto iliongeza uwezekano wa wazazi wao kuendelea kuwa hai uzeeni.

Swali lilelile, majibu mawili. Mtu anaweza kusema mabadiliko yenyewe hayafanani, na ni kweli. Mwaka mmoja au miwili juu ya elimu ambayo mtoto tayari anayo si sawa na kutoka kutojua kusoma hadi kujua. Hilo peke yake linaweza kueleza sehemu ya tofauti. Lakini kwangu maelezo yenye nguvu zaidi yako kwingine. Mzee wa Sweden ana pensheni, ana daktari anayelipiwa na kodi, ana huduma za wazee zinazoendeshwa na manispaa. Mtoto akipanda au asipopanda, dawa ya presha inafika. Pale ambapo wazee wengi hawana pensheni, na matibabu yanatoka mfukoni, mtoto ndiye pensheni, ndiye bima, ndiye gari la wagonjwa. Kwa hiyo tunapopima jinsi mafanikio ya watoto yanavyogusa afya ya wazazi, kwa kiasi kikubwa tunapima mzigo ambao jamii imeuacha mabegani mwa mtoto mmoja mmoja. Uhusiano ukiwa mkubwa, isiwe sababu ya kujipongeza kwa upendo wa kifamilia. Inamaanisha pia kwamba mzee asiyejaliwa mtoto, au aliyefiwa na mtoto, au ambaye mtoto wake alijitahidi asifanikiwe, anakufa mapema kwa jambo lisilo kosa lake.

Zaidi ya hapo, ngazi ya mafanikio humpeleka mtoto mbali. Kazi nzuri ziko mijini au ng'ambo, na anayepanda sana ndiye anayehama sana. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kiharusi kinachotokana na damu kuganda kina dawa ya kuyeyusha, lakini kwa kawaida inapaswa kutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Mdomo wa mama unapokwenda upande alfajiri, mshahara wa mwanawe aliye bara jingine hauwezi kuliona hilo. Anayeliona ni aliyelala chumba cha pili. Simu ya video nayo hudanganya: mzee hujikaza kwa dakika kumi, akavaa nguo nzuri, akasema hajambo, na dalili za kwanza za kupoteza kumbukumbu zikapita bila kutambuliwa.

Kushuka nako kuna njia yake ya kuugusa mwili wa mzazi, na hakuzungumzwi vya kutosha. Mtoto aliyepoteza kazi akarudi nyumbani na familia yake hula kutoka akiba ya uzeeni. Mzee huanza kuruka dozi ili wajukuu wale. Wengine hujifungia kwa aibu, wakaacha ibada na mikutano ya majirani, na upweke ukawaongezea sonona juu ya maradhi waliyokuwa nayo. Hata hivyo mtoto huyohuyo aliyerudi anaweza kuwa ndiye anayempeleka mzazi kliniki na kumgeuza kitandani. Hesabu ya tabaka humwandika kuwa aliyeanguka, ilhali ndiye aliyefanya fedha za nduguye zigeuke kuwa afya.

Hapo ndipo ninapotaka tukae zaidi. Katika familia nyingi kuna mtoto mmoja anayetuma fedha na mwingine anayeuguza. Anayetuma hutajwa kwenye hotuba. Anayeuguza, ambaye mara nyingi ni binti, aliacha kazi au hakuitafuta, hakuchangia mfuko wowote wa hifadhi ya jamii, na mgongo wake umeumia kwa kumwinua mtu mzima kila siku. Pensheni ya wazee wote na malipo kwa walezi wa nyumbani vingewasaidia wawili hao kwa pamoja: mzee leo, na binti baadaye. Bila hivyo, miaka kumi aliyoitumia kumrefushia mama yake maisha inakatwa kwenye uzee wake mwenyewe, na mzigo unahamia kwa watoto wake, ambao kupanda kwao kutategemea kama watalazimika kuacha shule ili wamuuguze.