Flavonoidi si sabuni ya ubongo

Juzi nimempata shosho na chupa ya vidonge kando ya redio, imeandikwa ni flavonoidi za "kusafisha ubongo", aliuziwa na mtu wa koti jeupe nje ya kanisa, elfu nne na mia tano, na hiyo pesa ilikuwa ya dawa ya presha. Presha! Kitu kinajulikana kabisa kinaharibu mishipa midogo ya ubongo. Nimekasirika sana na wacha niseme.

Flavonoidi zenyewe, kemikali fulani za mimea, si uongo. Ziko kwa chai, kitunguu, sukuma wiki, machungwa, kakao, na kwa ubongo zina kazi. Uongo ni hiyo maneno ya kusafisha. Kitambo hata wanasayansi walidhani kazi yake ni kupambana na oksijeni kali mwilini, ile inaharibu seli, halafu watu wakapima damu. Ukila kitunguu, bakteria wa utumbo wanavunja kwasetini, flavonoidi yake kuu, ini nalo linaibadilisha, kinachofika kwa damu ni kidogo, kwa ubongo ni kidogo zaidi, wakati vitamini C iko huko ndani kwa wingi mara maelfu. Sasa hicho kidogo kitasafisha nini?

Kinachofanyika ni kwamba zinaingilia mazungumzo ya seli. Mwaka wa 2004 Williams, Spencer na Rice-Evans waliuliza hilo swali waziwazi kwa makala yao, kama hizi ni za kuzuia oksijeni ama ni za kupitisha ishara. Ndani ya niuroni, zile seli za ubongo, kuna vimeng'enya vinaitwa kinasi, vinabandika fosfeti kwa protini, protini inaamka ama inalala, na habari inasonga hivyo mpaka kwa kiini cha seli. Flavonoidi zinagusa hizo kinasi. Moja inaitwa ERK, ikiamka inaamsha protini inaitwa CREB, CREB inawasha jeni, na moja ya hizo jeni inatoa BDNF, ile protini inasaidia sinapsi, yaani viungo kati ya niuroni, kukaza, hasa kwa hipokampasi, sehemu ya ubongo penye kumbukumbu mpya zinashikwa. Kuna pia kinasi nyingine, JNK, ambayo ikiwaka kupita kiasi inaweza kusukuma niuroni ijiue, na baadhi ya flavonoidi zinaituliza. Kiasi kidogo tu kinatosha kwa kazi ya aina hii.

Na hapa ndio wauzaji wa dozi kubwa wananiudhi kabisa, juu kwa niuroni za maabara kwasetini ikizidi inazima Akt, kinasi ile inalinda niuroni isife, na seli zinakufa. Ni maabara, sio mtu, najua, lakini hakuna mahali hapo panasema ukiongeza dozi ndio ubongo utafaidika zaidi.

Haya, nakubali shingo upande: utafiti wa kakao wa 2023 kule Marekani, wazee 3,562, ulitumia vidonge, miligramu 500 za flavanoli, aina ya flavonoidi, kila siku, na kampuni ya Mars ilikuwa kati ya waliolipia. Lakini soma matokeo. Kwa kundi lote kumbukumbu haikupanda vya kutosha kusema kitu, walioonekana kufaidika ni wale chakula chao kilikuwa duni.

Kwa hivyo anza na jikoni. Kitunguu chekundu, kwasetini nyingi iko kwa zile tabaka za nje, na sisi ndio tunabambua mbili tatu tunatupa. Sukuma ukichemsha ukamwaga maji, sehemu ya flavonoidi imeenda na hayo maji.

Halafu kuna chai ya zambarau, aina inaitwa TRFK 306, ilitolewa kwa wakulima 2011 na watafiti wetu wa Kericho. Mwaka wa 2014 ilichapishwa kwamba anthosayanini zake, flavonoidi zinazoipa hiyo rangi, zinavuka ule ukuta kati ya damu na ubongo, kwa panya. Mimi nataka ipimwe kwa watu, na hapa hapa Nairobi, kwa wazee wa Kangemi na Dandora ambao wiki nzima ni ugali na chai ya maji, juu kama ule utafiti wa kakao uko sawa, hao ndio wanaweza kufaidika kwanza, na hao ndio sijasikia mtu akiwaita wapimwe.