Kabla Hujanunua Injini Nyingine, Pima Oili

Gari la zamani likianza kula oili hapa Nairobi, hukumu hutoka kabla boneti haijafunguliwa. "Mkubwa, hii imekwisha, tafuta ya Japani." Ukipita Kirinyaga Road utaziona hizo injini za Japani zimepangwa, zimeoshwa zikang'aa, na hakuna awezaye kukuambia zilitembea kilomita ngapi wala zilikuwa zikimwagwa oili baada ya muda gani. Maoni yangu ni kwamba tunabadilisha injini upesi mno, na lawama si ya fundi peke yake. Wengi wetu wenye magari hufika gereji na malalamiko, bila namba hata moja.

Namba yenyewe haina gharama. Egesha mahali tambarare asubuhi injini ikiwa baridi, pima oili, andika kilomita. Ongeza kwa chupa yenye alama za mililita, na ikifika kilomita 1,000 utajua kama una tatizo au una wasiwasi tu. Vitabu vingi vya Toyota vinaweka ukomo wa juu kuwa lita 1 kwa kilomita 1,000. Binafsi naona ukomo huo unamlinda mtengenezaji kuliko mwenye gari: injini ya 1NZ ya Probox au Vitz hubeba oili isiyofika lita 4, kwa hiyo kwa mwendo huo ingekauka kabla ya sevisi ya kilomita 5,000. Na usisahau foleni. Saa mbili za Mombasa Road injini inazunguka na kilomita hazisongi, kwa hiyo wanaoishi kwenye jam wapime kila wiki.

Uvujaji ni wa kuangalia kwa macho. Tandika katoni chini ya gari usiku, na siku nyingine chomoa plagi uone kama gasketi ya kifuniko cha tapeti imejaza oili kwenye mashimo ya plagi. Oili inayodondokea ekzosi huungua bila kuacha tone chini. Utainusa ukisimama kwenye taa. Kisha kuna vali ya PCV, kaspea kadogo kanakopitisha mvuke wa injini urudi kuchomwa. Ikiziba kwa uchafu, mvuke hukosa njia na kusukuma oili kusikotakiwa. Ni ya kwanza kubadilishwa kwa sababu ni rahisi, na ajabu ni kwamba ndiyo husahaulika.

Moshi wa buluu nao una saa zake. Ukitoka kidogo asubuhi unapowasha kisha ukapotea, shuku sili za vali, vipira vidogo vinavyozuia oili isiingie kwenye silinda kupitia vali. Barabara ya kushuka kutoka Limuru hadi Mai Mahiu ni kipimo kizuri: unashuka kwa gia bila kukanyaga mafuta, injini inavuta kwa nguvu na kunyonya oili kupitia sili zilizokauka, halafu ukikanyaga kule chini, wingu linatoka nyuma. Sili hizo hubadilishwa bila kung'oa silinda hedi. Nimeona fundi akiingiza kamba kwenye tundu la plagi, akazungusha injini kwa mkono hadi pistoni ikabana kamba na vali zikashikiliwa juu, akatoa springi na kuvalisha sili mpya. Kazi ya siku moja, kwa mtu mwenye subira.

Penye kesi nyingi zinazohukumiwa vibaya ni kwenye geji ya kompresheni, kifaa kinachopima shinikizo ndani ya silinda. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na shinikizo la hewa hapa ni takriban asilimia 80 ya lile la Mombasa. Injini isiyo na kasoro ambayo Mombasa ingesoma psi 180, hapa huenda ikasoma karibu 145. Fundi anayelinganisha geji na kitabu peke yake atahukumu kifo injini isiyo na kasoro. Linganisha silinda na silinda. Iliyo chini ya wenzake itie kijiko cha oili upime tena: ikipanda, ringi, yaani pete za chuma zinazoizunguka pistoni, zimelika; ikibaki palepale, tazama vali.

Kosa la pili huenda upande wa pili. Kompresheni nzuri haimaanishi ringi ni nzima, kwa sababu ringi ya chini, ya kukwangua oili, haizuii kompresheni. Ikiganda kwa kaboni, injini itasoma vizuri na bado itakula oili. Huo ndio ugonjwa wa 1ZZ-FE, injini ya lita 1.8 iliyokuja kwenye Allion, Premio na Wish za mwanzoni mwa miaka ya 2000: matundu ya kurudishia oili nyuma ya ringi hiyo yalikuwa machache na madogo, yakaziba. Kununua 1ZZ nyingine ya miaka hiyohiyo ni kununua ugonjwa uleule, tena na safari ya NTSA, mamlaka ya usafiri, kubadilisha namba ya injini kwenye logbook.

Kumimina oili nzito ya 20W-50 kwenye injini iliyoundiwa ile nyepesi ya 5W-30 sikubali. Ulaji huenda ukapungua kidogo, lakini oili nzito haigandui ringi iliyoganda, na VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa vali kufunguka, hutegemea oili inayopita upesi kwenye njia nyembamba. Afadhali kumimina dawa ya kuyeyusha kaboni juu ya pistoni kupitia mashimo ya plagi, ilale usiku kucha, kisha injini izungushwe plagi zikiwa nje na oili ibadilishwe kabla ya kuendesha. Mara nyingine husaidia.

Kama gari linakula lita moja kwa kilomita 2,000 na halitoi moshi, mimi ningeweka chupa kwenye buti na kuendelea na maisha. Likizidi hapo, plagi zitachafuka na sensa ya oksijeni itaharibika, basi fungua injini. Lakini kuta za silinda zipimwe kabla ya kununua spea, na kwa 1ZZ agiza pistoni za toleo la baadaye zenye matundu zaidi, si ringi peke yake. Ikishafungwa, usiache kupima: ringi mpya huendelea kula oili kidogo mpaka zikae.